Matokeo Manne

Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Nilipovuka Barabara ya Portage kope ziligandana,
na hapa ndani, ghorofa ya tatu ya maktaba, redieta inakohoa tu.
Nimevua glovu moja. Naandika kwa mkono mmoja:
afasia NA Kiswahili.

Mashine ikafikiri.
Matokeo manne.

Nikadhani nimekosea herufi.
Nikafuta, nikaweka AU mahali pa NA,
yakamwagika elfu sita, yote ya watu wengine:
Wadachi waliopotelewa na vitenzi,
bibi mmoja wa Milano aliyebakiwa na majina ya matunda,
watoto, mapacha, kasuku mmoja.
Nikarudi kwa yale manne.

La kwanza ni la malaria.
La pili lataja Kiswahili mara moja, ndani ya mabano.
La tatu ni la pili, limeingizwa mara mbili.
La nne ni la mwaka themanini na saba, na lina kufuli:
kurasa kumi na moja, dola arobaini na mbili.

Mjomba Shekiondo alikuwa dalali wa mnada, Korogwe.
Mdomo wake ndio uliomlisha.
Angeweza kukuuzia shuka lako mwenyewe, nawe ukadai chenji.
Winipegi alipakia kuku waliogandishwa,
na humo ghalani, kati ya kuku, kiharusi kikamkuta.

Bi Thiessen wa hospitali ni mpole, kalamu yake imetafunwa kifuniko.
Alimwonyesha picha ya yai.
"Li," akasema mjomba. "Li... limevunjika."
Yai la pichani lilikuwa zima. Sifuri.
Picha ya mti.
"U... u... umekauka."
Sifuri.
Picha ya yule mnyama wao wa mtoni, meno nje, mkia bapa.
Mjomba akamtazama kwa muda. "A... amenona huyu."
Sifuri, na mkalimani kwenye simu kutoka Toronto
akasema, hasemi kitu, anasema vipande.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, koti mapajani,
na nilisikia.
Li ile haikuwa kelele.
Li ni ya yai; mti hauitaki, kikombe hakiitaki.
Jina limetoka nyumbani
lakini viatu vyake vingali mlangoni,
na kila kimoja ni saizi yake.

Nikamwambia Bi Thiessen. Akasikiliza hadi mwisho.
Kisha akasema: niletee makala.

Ndiyo maana niko hapa, usiku wa nne.
Mkutubi, Oksana Hrynkiw, ana miwani miwili, mmoja kichwani.
Aliangalia kufuli, akaniangalia mimi,
akasema: usilipe. Kuna mtu Saskatuni anayo.
Siku sita.
Imekuja imepigwa picha upande upande,
na kwenye kona ya ukurasa wa tatu kimo kidole gumba
cha mtu nisiyemjua, kucha imekatwa vizuri.
Nikakishukuru.

Nilisoma wagonjwa wote watatu. Majedwali. Asilimia.
Hakuna.
Nikasoma tena, polepole, kama mtu anayechambua mchele,
na chini kabisa, tanbihi ya tisa, herufi za mchwa:
mgonjwa wa tatu, mshonaji, miaka hamsini na minane,
hakuweza kutaja kitu hata kimoja,
ila viambishi vya ngeli havikukosea.
Jambo hili linastahili kuchunguzwa zaidi.

Miaka yote hiyo
linastahili.

Basi la mwisho lilinichelewesha. Nikamkuta mjomba jikoni,
taa imewaka, chai imepoa, hajalala.
Akanyoosha kidole kwenye mkoba wangu.
"Ya..."
Nikangoja. Nimejifunza kutomrushia maneno
kama mtu anayemlisha kuku.
"Ya... ya..."
Si maji, bomba liko nyuma yake. Si mayai.
"Yamekuja?"

Nikafungua zipu.
Moja tu, mjomba, nikasema. Moja tu.
Akakishika kidole gumba cha yule mtu wa Saskatuni
kwa kidole gumba chake,
akacheka.